Wifi, Stoo na Pinde

Wifi yangu si mtu wa kupendwa, na sitaanza leo kumsifia. Ukimwamkia asubuhi anakuitikia kwa kidevu. Ukimwuliza kama amelala salama anakujibu, "Si unaniona nimesimama?" Akiazima sufuria hairudishi mpaka uifuate mwenyewe, na ukifika anakutazama kana kwamba umekuja kuiba. Majirani walimpa jina la Nyundo, kwa sababu neno lake moja linatosha kufunga mazungumzo ya mtaa mzima. Mimi nilikuwa na majina mengine ya kumwita, lakini hayo niliyamalizia kimoyomoyo nikipiga pasi.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya madaktari na mashati ya watu wasiopenda kujichosha. Nyumba tunayokaa aliiacha baba kwa watoto wake wawili, yaani mimi na mdogo wangu wa kiume. Ina vyumba viwili vya kulala, sebule kubwa, ua wenye bomba, na huko nyuma kabisa stoo. Chumba kimoja changu, cha pili cha mdogo wangu na mkewe. Sebule ni ya wote kwa maneno, ila kwa vitendo ni ya mdogo wangu, televisheni yake na rafiki zake wa mpira.

Huyu mdogo wangu anauza samani katika duka moja la mjini. Kazi yake ni kusimama katikati ya makochi na kumwambia kila anayeingia kwamba amechagua vizuri. Wateja wakiadimika anachukua kitambaa na kung'arisha meza. Ni mtu wa watu, mdomo wake mtamu, na tangu utotoni hajawahi kumwambia mtu hapana. Nilimlea mimi wakati mama yuko kazini. Akivunja sahani nilisema nimevunja mimi, akikojoa kitandani niligeuza godoro. Ndiye mtu niliyempenda kuliko wote, na ninasema hivyo ili ujue nilivyokuwa mjinga.

Nilipochoka kupiga pasi barazani, vumbi la njia likirukia mashuka meupe, nilimwomba ile stoo. Akasema, "Stoo yako, dada. Nani mwingine?" Haikupita wiki mkewe akafukuzwa kazi, naye akaomba stoo. Akamwambia, "Stoo yako, mke wangu. Nani mwingine?" Tuliambiwa maneno yaleyale na kinywa kilekile, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Mtu wa namna hiyo ana jina lake, anaitwa ndumilakuwili, ila mimi wakati ule nilimwita mpole.

Wifi alikuwa fundi katika kiwanda cha milango, mwanamke peke yake kwenye mashine za kuranda. Kwa upande wa mikono sina la kusema, mbao anazijua. Kilichomfukuzisha ni hasira. Fundi mwenzake alimfichia patasi kwa mzaha, basi yeye akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akachukua viatu vya huyo mwenzake, akavipigilia misumari sakafuni. Kumbe viatu vilikuwa vya meneja. Jioni ile alirudi nyumbani na zana zake kwenye gunia, hakuomba radhi kwa mtu, akala, akalala.

Wazimu wa pinde aliuanzia hukohuko kiwandani. Kuna klabu ya kulenga shabaha, watu wazima na akili zao wanaojipanga uwanjani Jumamosi na kupiga mishale kwenye duara la karatasi. Kocha wao alileta upinde uliovunjika, akiomba ugandishwe kwa gundi. Wifi akautazama, akasema, "Huu haugandiki. Nitakuchongea mwingine." Hakuwa amechonga upinde hata siku moja. Akauchonga, ukavunjika. Akachonga wa pili, nao ukavunjika. Mwenye akili zake angeacha. Wifi akaanza kurudi nyumbani na magogo.

Asubuhi ya vita vya stoo naikumbuka. Nilitoka na beseni la mashuka nikakuta meza yangu ya pasi iko uani, miguu juu, na kamba zangu, vibanio vyangu na kiti changu vimerundikwa juu yake. Nilikuwa nimeviingiza humo jana yake tu.

"Wifi, hii ni nini?"

"Vitu vyako."

"Najua ni vyangu. Vimetokaje?"

"Nimevitoa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mume wangu. Na wewe uliviingiza kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

Tukatazamana. Pale ndipo wanawake wenye busara wangeongozana kwenda kumshika mwenye maneno mawili. Sisi tukashikana wenyewe. Nilimwambia kuwa alikuja nyumba hii na sanduku moja, tena la kuazima. Akaniambia mimi nimezeekea ndani yake kama kufuli lililopoteza ufunguo. Wanasema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini lile nadhani alilichagua siku nyingi, akaliweka akiba. Tulipomfuata mdogo wangu sebuleni atoe kauli, alisema, "Ninyi ni watu wazima, mtaelewana tu," kisha akaongeza sauti ya televisheni.

Mimi kutwa nina mashuka mikononi, yeye hana kazi, kwa hiyo alinishinda kwa nafasi. Alijenga karakana yake mbele ya macho yangu. Stoo haina dirisha, basi akang'oa bati moja la paa akaweka la plastiki linalopitisha mwanga. Akaleta mlango uliokataliwa kiwandani, akaulaza juu ya mapipa mawili, na mapipa akayajaza mchanga ili benchi lisitikisike anaposukuma randa. Ukutani akatundika msumeno, patasi, tupa za meno makubwa na madogo, na kisu kirefu chenye mipini miwili kinachovutwa kuelekea kifuani. Akajitengenezea kigoda kirefu cha kukalia mguu huku na mguu huku, chenye kibao cha kukanyaga. Akikanyaga, kipande cha mti kinashuka na kulibana gogo; akiachia, gogo linageuka.

Ukuta wa mwisho aliupaka chokaa, akasimamisha nguzo mbele yake. Juu ya nguzo pana kishikio cha kulaza upinde, chini pana kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, na kwenye chokaa mistari ya makaa. Anavuta kamba akiwa mlangoni, upinde unajikunja, naye anatazama kama mikono miwili ya upinde, nusu hii na nusu ile, inapinda sawa. Mkono ulio mgumu anaukwangua kidogo, anautundika tena, anavuta tena. Kutwa nzima hivyo. Nilimwuliza siku moja kama hachoki kutazama kijiti, akasema, "Na wewe hayo mashuka, mwisho wake lini?"

Ningeweza kuvumilia kelele. Balaa lilikuwa magogo. Mti wa upinde lazima ukae muda mrefu mahali pakavu kabla ya kuchongwa, basi yeye aliyapasua magogo kwa kabari na kuyapanga juu ya boriti za nyumba nzima, hata juu ya mlango wa chumba changu. Ncha zake huzibwa kwa nta, maana mti hukaukia nchani kwanza na kupasuka. Na hiyo nta aliitoa wapi? Aliyeyusha mishumaa yote ya nyumbani ndani ya sufuria yangu ya wanga. Sufuria ile ndimo ninamopikia wanga wa kukazia kola. Mimi sina habari, nikapika wanga, nikachovya makoti, nikapiga pasi, kola zikatoka na madoa ya mafuta. Daktari mwenye makoti akaniuliza kama nimeyatumia kuepulia masufuria.

Nililia. Nilipomaliza kulia nikasubiri wifi aende kutafuta miti, nikaingia stoo na mashuka mabichi, nikayaanika ukuta hadi ukuta, nikafunga mlango. Jua likipiga lile bati la plastiki, mvuke ulikuwa unashikika kwa mkono. Aliporudi, upinde aliokuwa karibu kuumaliza ulikuwa umejipinda upande. Hakupiga kelele. Aliyaanua mashuka moja moja, akayakunja vizuri sana, akayalaza ndani ya rundo la maranda. Kama hujawahi kutoa unga wa mbao kwenye shuka bichi, usijaribu.

Baada ya hapo kila mmoja akanunua kufuli lake. Mlango mmoja wa stoo ukawa na makufuli mawili, mimi siwezi kuingia bila yeye, yeye hawezi kuingia bila mimi. Kila asubuhi tulikutana pale mlangoni na funguo zetu, hatusalimiani, kila mtu anafungua lake, kisha tunagombania nani atangulie.

Upinde ukivunjika hutoa mlio mmoja mkavu, halafu kimya. Nilipousikia ule mlio pasi yangu ilikuwa nyepesi siku nzima. Yeye kila uliovunjika aliutundika ukutani, akazungushia makaa pale ulipoachia, na kesho yake akaanza mwingine. Nilimwombea ashindwe. Nilimwombea kwa moyo wote, na sijaomba msamaha.

Kitu kimoja alikisema mara nyingi hata mimi nikakishika bila kupenda. Upinde una tumbo na mgongo. Tumbo ni upande unaomtazama mvutaji, na huko fundi anakwangua atakavyo. Mgongo ni upande wa nje, unaotanuka upinde ukivutwa, na huo hauguswi. Mti kila mwaka hujivika ngozi mpya ya mbao juu ya ile ya zamani. Fundi anachagua ngozi moja na kuifuata ncha hadi ncha bila kuikata. Ikiwa na kinundu, kinundu kinaachwa kimesimama hivyohivyo. Ukikisawazisha ili kipendeze, umekata nyuzi za mti, na ni papo hapo utakapovunjika.

Alimweleza mumewe hayo yote mezani, akimpitishia kidole kwenye upinde. Mdogo wangu macho yako kwenye mpira.

"Ehe," akasema. "Mgongo. Ehe." Kisha akautupia jicho. "Lakini mbona una vinundu hivi? Dukani kwetu ubao huu usingetoka hata kwa bei ya kutupa."

"Hiki si kitanda," akasema wifi.

"Nasema tu, mke wangu. Watu wananunua kwa macho."

Tulipofika mahali pa kurushiana maji ya sabuni uani, majirani wamejipanga kwenye ukuta wakitazama, mdogo wangu aliona aibu. Si aibu ya kutudanganya, aibu ya kuonekana. Akatuita sote wawili.

"Jumamosi kocha anakuja kuujaribu huu upinde mpya," akasema. "Ukistahimili, stoo ni ya mke wangu, na dada hutaingia tena. Ukivunjika, stoo ni ya dada, na wewe mke wangu utaacha haya mambo utafute kazi. Upinde ndio uamue."

"Yaani wewe mwanamume wa nyumba huna kauli?" nikamwuliza.

"Kauli yangu ndiyo hiyo, dada. Upinde ndio uamue."

Wifi akasema sawa. Na mimi nikasema sawa, kwa sababu nilikuwa nimeshaihesabu ile milio mikavu na niliona stoo imeingia mfukoni. Kwake halikuwa jambo dogo. Kocha alikuwa amemwambia kwamba upinde huu ukisimama, atawachongea klabu nzima. Na baada ya habari za viatu, hapakuwa na kiwanda ambacho kingemfungulia lango. Wiki ile aliukwangua ule upinde kwa kipande cha kioo, taratibu, unga unatoka mwembamba kama wa kupaka usoni. Nilimwona ameuweka shavuni, jicho moja amefumba, anautazama urefu wake. Nikatamani uvunjike vipande vitatu.

Jumamosi alikwenda uwanjani kumchukua kocha, maana nyumba yetu mgeni haioni kirahisi. Kufuli langu nilikuwa nimeliondoa mwenyewe, nikitaka siku ya hukumu nionekane mtu mwema. La wifi, mumewe alikuwa na ufunguo wa akiba. Niko barazani na pasi yangu, pua ikapata harufu ya vanishi. Baada ya muda mdogo wangu akatokea nyuma, anapiga mluzi, vidole vinang'aa.

"Umefanya nini huko?"

"Nimempendezeshea upinde wake kidogo. Ulikuwa na sura mbaya, dada, vinundu vitupu. Nimevilaza kwa msasa, nikapaka. Kocha hatauamini." Akanikonyeza. "Usimwambie. Ni zawadi."

"Wewe! Si alisema mgongo hauguswi?"

"Dada, mbao nauza mimi. Kinachong'aa ndicho kinachobebwa."

Kabla sijajua kama nimekasirika au nimefurahi, lango likalia. Wifi aliingia na kocha, mzee mmoja mrefu mwenye kofia na miwani, anahema kwa mwendo. Mdogo wangu akawakimbilia kwa tabasamu la dukani, akaingia stoo, akatoka na upinde ameubeba kwa mikono miwili.

"Karibu, kocha! Tazama kazi hiyo."

Ulikuwa unang'aa kweli. Majirani, waliokwisha kujipanga tena ukutani, wakaguna. Kocha akaupokea, akaugeuza huku na huku.

"Hongera, fundi," akamwambia wifi. "Huu ni wa kutundika sebuleni."

Wifi akaunyakua. Akaupitishia kidole gumba mgongoni, taratibu, kutoka ncha moja, akasimama pale kilipokuwa kinundu cha kwanza, akasimama tena kwenye cha pili. Badala ya vinundu palikuwa na viduara, kimoja ndani ya kingine, ngozi za miaka zimekatwa wazi chini ya vanishi. Rangi ya uso wake ikabadilika. Nilikuwa nimemwona akiwa na hasira kila siku ya Mungu, lakini sikuwahi kumwona akiwa na hofu.

"Huu hauvutwi," akasema.

"Acha woga, mke wangu. Mpe kocha."

"Fundi, nimetembea juani mpaka hapa," kocha akasema. "Niuvute mara moja tu."

"Utakutoa jicho."

Kocha akacheka, akanyoosha mkono. Wifi akamgeuzia mgongo, akaingia stoo, akautia kamba na kuulaza kwenye kishikio cha ile nguzo. "Kaeni huko nje," akasema. "Wote." Akasimama mlangoni, akaanza kuivuta kamba ya kapi.

Sipendi kulisema hili, lakini ulipinda vizuri. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Mikono miwili ilishuka pamoja, sawasawa, hakuna uliotangulia wala uliochelewa, mpaka mstari wa kwanza wa makaa, mpaka wa pili. Aliupata. Baada ya ile milio yote, huu alikuwa ameupata. Kisha tukasikia mchubuko mdogo, uzi mmoja wa mti ukanyanyuka pale kilipokuwa kinundu, na papo hapo ukapasuka. Kipande kimoja kiligonga lile bati la paa kikaanguka karibu na miguu ya kocha.

Kocha akakiokota, akavua miwani, akakisogeza karibu na jicho.

"Nani amepiga msasa mgongoni?" akauliza.

Nikamtazama mdogo wangu, nikimngoja. Niliamini atacheka, atakuna kichwa, atasema, "Ni mimi, jamani, nilitaka kusaidia," na wifi angemrarua, na yangekwisha. Akajifuta vidole kwenye suruali.

"Mimi sijui," akasema. "Mimi nilikuwa sebuleni. Labda dada. Si unajua, kocha, hawa wawili na hii stoo..." Akatabasamu.

Niliumia, na sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo. Mtoto niliyesema uongo kwa ajili yake tangu ana meno ya maziwa, ananiuza mbele ya mgeni na mbele ya majirani, tena bila hata kuinua sauti. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nafua mimi. Watu ukutani wameshanigeukia, wanatikisa vichwa, kwa sababu nani asingeamini? Sababu ninayo, kufuli langu halipo mlangoni, na mdomo wangu mtaa mzima unaujua.

Wifi alikuwa ameshika kamba iliyolegea. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, bila upendo hata wa dawa.

"Si yeye," akasema.

"Mke wangu, nani mwing..."

"Huyu mwanamke ana roho mbaya." Alisema akinionyesha kwa kidole, kwa sauti ya kufika ukutani. "Ananichukia, na mimi namchukia. Lakini huyu akitaka kuvunja upinde wangu atauvunja mbele yangu, kwa goti lake, ananitazama machoni. Hawezi kuja kwa mlango wa nyuma na kitambaa na vanishi." Akamkamata mumewe mkono, akaugeuza juani. Vidole viling'aa. "Huku ni kung'arisha meza."

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunisema sawasawa hivyo. Mama hakunijua hivyo, na yule niliyemgeuzia godoro ndiyo kabisa. Aliyenijua ni mwanamke niliyekuwa namwombea aondoke.

Mdogo wangu akacheka kidogo, peke yake. "Basi, basi. Nilitaka kusaidia, imekuwa nongwa. Tusigombane mbele ya mgeni." Akanigeukia mimi, sauti imelainika. "Lakini makubaliano ni makubaliano. Upinde umevunjika. Dada, stoo ni yako."

Alinipa ile stoo kama mtu anayempa mtoto pipi baada ya kumfinya. Wifi hakubisha. Aliingia ndani akaanza kushusha zana ukutani, tupa moja, tupa nyingine, anazitia guniani. Hakuniomba na hakunitazama. Kocha alisimama mlangoni na kile kipande mkononi, akamwambia, "Fundi, ulikuwa umepinda sawa. Ukipata pa kufanyia kazi, chonga mwingine, nitakuja." Wifi akaendelea kushusha.

"Rudisha," nikasema.

"Sitaki huruma yako."

"Huruma nitaitoa wapi? Nikupigie pasi humo, sakafu imejaa nta, kuta zimejaa makaa? Baki na pango lako."

Nikaenda barazani, nikashika meza yangu ya pasi. Ni meza nzito, ya mbao ngumu, na mimi si msichana. Niliiburuza mpaka mlango wa mbele ikakwama kwenye kizingiti. Ndipo nikaona upande wa pili umenyanyuka. Nyundo alikuwa ameushika, uso ameukunja.

"Unaipeleka wapi?"

"Sebuleni. Kuna madirisha."

"Meza yenyewe mbovu," akasema. "Mguu mmoja mfupi."

"Sikukuuliza."

Tukaiingiza. Tuliitua pale ilipokuwa televisheni, na televisheni tukaiweka koridoni, ikitazama ukuta. Mdogo wangu alitufuata mlango kwa mlango, akisema dada, akisema mke wangu, akiuliza rafiki zake watakaa wapi siku ya mpira. Nikatandika blanketi juu ya meza, nikawasha pasi, nikaanza na mashuka.

Jioni akaja na shati lake jeupe la dukani, amelishika kwa vidole viwili, lina doa la vanishi kwenye mkono. Tangu aanze kazi sikuwahi kumwacha avae shati alilofua mwenyewe.

"Dada," akasema, kwa ile sauti ya utotoni. "La kesho."

"Beseni liko uani," nikamwambia, kwa sauti ya kufika stoo. "Sabuni nunua."

Huko stoo randa ikanyamaza. Nikamsikia Nyundo akicheka. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akicheka, na kicheko chenyewe kibaya, kimekauka, kinakwaruza. Sikumwambia anyamaze.